Kwa nini Wahehe hawakunywa maji mwaka 1905? Kisa cha Uhehe, kutoka Lugalo mpaka Maji Maji

Kila mada ya Maji Maji, ile vita ya 1905 ambayo watu wa kusini walikunywa maji ya dawa wakainuka dhidi ya Mjerumani, ikifika darasani au kijiweni hapa Iringa, lazima mtu aulize: hivi sisi Wahehe tulikuwa wapi? Na ni swali la haki kabisa. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, ukiwa unatoka mjini kuelekea Ilula, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilifyeka msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, yule watu waliyemwita Nyundo. Wazungu kama 10 wakafa, askari zaidi ya 200, wapagazi juu yake, na bunduki karibu 300 zikaingia mikononi mwa Wahehe. Sasa ruka miaka 14 mbele, 1905, kusini yote inawaka kuanzia Matumbi mpaka Songea, Uhehe kimya. Na si kimya tu, maana Septemba ile kapteni Nigmann wa Wajerumani alipotoka boma la Iringa kwenda kuikoa Mahenge iliyokuwa imezingirwa, alitoka na wapiganaji wa Kihehe pembeni yake.

Majibu ninayoyasikia ni mawili. La kwanza ni kwamba Wahehe walikuwa wamechoka vita. La pili, ambalo watu wa Songea na Njombe wanapenda kutuchomekea kwenye utani, ni kwamba tulishanunuliwa na Mjerumani. Yote mawili yananiudhi, sio kwa sababu yanatudhalilisha, ila kwa sababu yanamchukulia mtu wa 1905 kama vile aliamka asubuhi akakuta historia ndo inaanza. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu wa Kalenga, pale ilipokuwa ngome ya Mkwawa, hakunywa maji inabidi urudi nyuma miaka kama 60, kabla Mjerumani hajatia mguu huku, uangalie hii nchi inayoitwa Uhehe ilijengwa na nini, halafu uangalie ilibomolewaje, kisha ndo uje kwenye maji yenyewe.

Kwanza Uhehe haikuwepo siku zote. Katikati ya karne ya 19 huku nyanda za juu kulikuwa na vijitawala vingi vidogo, kila mtwa, yani chifu, na kilima chake. Aliyeviunganisha ni Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, baba yake Mkwawa, na hakuviunganisha kwa maneno matamu. Na hapo kuna kitu ambacho vijana wengi hawakioni: vita vilivyoijenga Uhehe vilianzia mbali sana, kule Natal, kusini mwa Afrika, wakati wa Shaka mfalme wa Wazulu. Wangoni wa Zwangendaba waliikimbia ile vurugu, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakasogea mpaka Ufipa, na Zwangendaba alipofariki miaka ya 1840 wakagawanyika, kundi moja likaishia Songea. Walikuja na mkuki mfupi wa kuchomea na vikosi vya vijana wa rika moja. Wasangu na Wahehe wakaona, wakaiga, wakaanza kupigana vilevile. Yani vurugu ya Natal ndo iliyofundisha watu wa Iringa namna ya kuwa dola. Munyigumba alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870 kukatokea mtafaruku wa kugombea kiti, Mkwawa akakimbilia Ugogo, akarudi, akashinda, akaendelea pale baba yake alipoishia. Wangoni alipigana nao mpaka pande zote zikachoka zikaachana kwa suluhu. Merere, mtawala wa Usangu, yeye akasukumwa mpaka milimani Usafwa, upande wa Mbeya. Hilo la Merere likumbukeni, tutalirudia.

Sasa, jeshi halili mikuki. Pembe za ndovu ndo zililipa gharama. Miaka ile pembe ilikuwa inatafutwa kama dhahabu, huko Marekani na Ulaya wanatengeneza funguo za piano na mipira ya biliadi, Zanzibar ndo soko kuu tangu Seyyid Said ahamishie makao yake pale mwaka 1840, na misafara inapanda kutoka Bagamoyo na Kilwa kutafuta mali bara. Pembe ikitoka Uhehe, inarudi nguo ya merikani, shanga, na muhimu kuliko vyote, bunduki na baruti. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha, yale magobori yao ya zamani yakamwagwa huku kwetu kwa wingi. Mtwa ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kwenye pembe, kwahiyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kwenye bunduki. Ambaye hakutaka kufanya biashara na Mkwawa alikutana na vikosi vyake njiani, kuanzia Usagara hadi karibu na Mpwapwa, analipa hongo, yani ushuru wa kupita, au anaporwa. Watumwa nao walikuwa sehemu ya hiyo biashara, tusijidanganye, mateka wa vita wengine walibaki Uhehe wakawa watu wa nyumbani, wengine wakashuka pwani.

Kwahiyo unapata dola ambayo kila kitu kinapita kwa mtu mmoja. Vita ni vya mtwa, pembe ni za mtwa, na hata dini kubwa ya nchi ilikuwa inapita kwa mtwa. Kila familia ilikuwa na tambiko lake kwa wazee wake, lakini tambiko la nchi lilifanyika kwenye makaburi ya watawala, na dawa ya vita ilikuwa ya mtwa na waganga wake, haikuwa ya mganga wa porini anayezunguka vijijini. Hili jambo mimi naliona ndo ufunguo wa kisa kizima.

Lugalo yenyewe nisiirefushe, kila mtoto wa Iringa anaijua, ila niseme kitu kimoja. Msafara wa Zelewski ulikuwa umejinyoosha kwenye njia nyembamba, mizinga imebebwa haijafungwa tayari kupiga, watu wa Mkwawa wamelala kwenye vichaka na mawe hatua chache tu kutoka njiani, na kabla askari wengi hawajawahi kushindilia risasi walikuwa tayari wako mikononi kwa mikuki. Ilikuwa dakika chache. Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeongoza siku ile ni Mpangile, mdogo wake Mkwawa. Wahehe nao walipoteza watu wengi tu pale, na wapiganaji wazoefu huwezi kuwapata tena kwa mwaka mmoja.

Wajerumani walikaa miaka mitatu. Oktoba 1894 gavana von Schele mwenyewe akaja na mizinga, akaipiga Kalenga, na tarehe 30 ngome ikaingiwa. Ile ngome ilikuwa na ukuta wa mawe ambao watu waliamini haupenyeki. Ndani walikuta shehena ya baruti na pembe za ndovu. Fikiria maana yake: akiba ya miaka mingi ya biashara, mtaji wote wa dola, ukaondoka ndani ya siku moja. Ukisoma vitabu vingi vinahesabu maiti, ila mimi nahesabu ile pembe na ile baruti, kwa sababu bila hizo mtwa hana cha kumpa kiongozi wa kikosi, hana cha kumlipa mfanyabiashara, anabaki na jina.

Na Mkwawa alibaki na jina kweli, jina kubwa, maana alipigana porini miaka mingine minne mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe. Mambo ya kichwa chake kupelekwa Ujerumani, kutajwa kwenye kifungu cha 246 cha mkataba wa Versailles mwaka 1919 na kurudishwa Kalenga 1954, hayo mnayajua. Kinachonigusa zaidi mimi ni ile miaka minne yenyewe kwa mtu wa kawaida. Tom von Prince, waliyemwita Sakarani, alijenga boma Iringa mwaka 1896 juu ya kilima, akaanza kuibana nchi. Kijiji kikidhaniwa kinampelekea Mkwawa chakula, kinachomwa, ng'ombe wanachukuliwa, wanawake na watoto wanakamatwa. Kijiji kikimkana Mkwawa, watu wake nao hawakiachi. Ng'ombe wenyewe walikuwa wameshapukutika kwa sotoka iliyopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mtama hakuna, ng'ombe hakuna, na kichwa cha mtwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000.

Halafu kuna habari ya Mpangile, ambayo nadhani haisimuliwi vya kutosha. Desemba 1896 Prince alimsimika Mpangile kuwa mtwa badala ya kaka yake, na kipande cha nchi kikapewa Merere, yule yule wa Usangu. Februari 1897, yani ndani ya miezi michache tu, Mpangile akanyongwa, kosa ni kwamba anamsaidia Mkwawa kisirisiri. Shujaa wa Lugalo kasimikwa na Mjerumani halafu kanyongwa na Mjerumani. Sasa wewe ni mzee wa kijiji Uhehe mwaka 1897, unajifunza nini hapo? Unajifunza kwamba kupigana wanakuua na kukubali nusunusu wanakuua pia.

Kuna mzee mmoja wa Kalenga niliwahi kukaa naye nikamsalimia na kumuuliza hili swali moja kwa moja, kwamba mzee wangu, kwa nini 1905 hatukuinuka. Hakukasirika. Akaniambia, "Mwanangu, unataka wainuke chini ya nani? Mkwawa hayupo, Mpangile kanyongwa, watoto wa mtwa wamepelekwa mbali. Nani apige mbiu?" Nikamwambia lakini Wamatumbi nao hawakuwa na mtwa mkubwa na waliinuka. Akanyamaza kidogo akasema, "Ndo hivyo sasa. Wao hawakuwahi kumhitaji."

Hilo jibu limenikaa kichwani kwa sababu nadhani mzee aligusa penyewe. Watu wengi wanadhani jamii yenye dola imara ndo rahisi kuasi. Kumbe wakati mwingine ni kinyume. Matumbi, Ngindo, Pogoro, hawakuwa na mfalme mmoja wa kukatwa kichwa. Kilichowaunganisha ni kitu kingine kabisa, na hapo tunaingia kwenye pamba na maji.

Mwaka 1902, chini ya gavana von Götzen, serikali ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja maeneo ya pwani na bonde la kusini. Kila mwanaume siku 28 kwa mwaka chini ya jumbe na askari mwenye kiboko, na malipo ya mwaka wa kwanza wilaya ya Dar es Salaam yakawa senti 35 kwa mtu. Senti 35! Huku kodi ya nyumba, iliyoanza 1898, inakusubiri. Na kazi ya pamba inagongana na msimu wako wa mahindi na mpunga, nguruwe na nyani wanamaliza shamba lako wakati wewe uko shamba la serikali. Ndo maana vita vilivyoanza Julai 1905 pale Nandete vilianza kwa kung'oa miche ya pamba.

Huku nyanda za juu zile pamba za lazima hazikufika. Baridi hii, na umbali ule, nani angeleta? Kodi ilikuwepo, kazi za kulazimishwa za barabara na boma zilikuwepo, udhalimu ulikuwepo, lakini ile hasira ya pamoja, ambapo watu wa vijiji 20 wana jeraha lilelile siku ileile, huku haikuwepo. Ukiniuliza mimi sababu gani ina uzito zaidi kwenye upande wa biashara nitakujibu ni hii, na nashangaa inavyorukwa kwenye mabishano yetu. Kuna watu wanaandika kurasa na kurasa kuhusu ushujaa na usaliti, hawaulizi mtu alikuwa analima nini na kwa ajili ya nani.

Sasa maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hakutokea hewani. Bonde la Rufiji na kusini yake lilikuwa na mizimu ambayo watu wa makabila mbalimbali waliifuata kwa miaka mingi, kama ile ya Bokero, watu wanatembea siku nyingi kwenda kuomba mvua na kuchukua dawa ya mashamba. Kwahiyo dawa ya maji iliposema risasi za Mjerumani zitageuka maji, ilipita kwenye njia ambazo zilikuwepo tayari, kwa watu waliozoea kupokea dawa kutoka kule. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni kabisa, na maji yakaendelea kutembea bila yeye. Huwezi kunyonga njia.

Uhehe ilikuwa nje ya njia hizo. Na zaidi ya hapo, Mhehe alishaiona dawa ya vita ikijaribiwa. Mkwawa alikuwa na waganga wazito kuliko mtu yeyote huku, alikuwa na tambiko la baba zake, na Kalenga iliingiwa hivyohivyo. Mtu wa miaka 35 mwaka 1905 alikuwa na miaka 24 siku mizinga inapiga ule ukuta, alikuwepo. Ukija kwake na kichupa cha maji kutoka Rufiji, kutoka kwa mganga asiyemjua, wa watu ambao baba yake alizoea kuwavamia, unamwambia anywe akaukabili mzinga, atakutazama tu. Sidhani kama alikuwa haamini dawa, alikuwa anaamini sana, ila aliamini kwamba dawa ya vita ina mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Jambo kama hili limetokea kwingine duniani. Wahindi Wekundu wa Marekani, Walakota, miaka ya 1889 na 1890 waliipokea ile dini ya ngoma ya mizimu, wakavaa mashati wakiamini risasi hazipenyi, na wakauawa Wounded Knee Desemba 1890. Nao walikuwa wameshapokonywa ardhi na nyati wamekwisha. Dini ya namna hii inakuja pale ambapo njia nyingine zote zimefungwa lakini watu bado wako pamoja. Uhehe ya 1905 njia zilikuwa zimefungwa, ila ule upamoja ndo ulikuwa umevunjwa kabla.

Bado kuna majirani, na hapa ndo wanaosema tulinunuliwa inabidi wasikilize vizuri. Angalia nani alikaa upande gani 1905. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, alikuwa na Mjerumani na aliuawa akipigana na wapiganaji wa Maji Maji. Merere alikuwa na Mjerumani. Wote wawili walikuwa wahanga wa Mkwawa, na wote wawili walipata kitu Mkwawa alipoanguka, Merere alirudishwa Usangu kabisa. Wabena wa upande wa Njombe chini ya Mbeyela wao waliinuka, wakaishambulia misheni ya Wajerumani ya Yakobi Septemba 1905, na Wangoni wakaingia kwa nguvu. Sasa Mhehe anaangalia huko vitani anaona nani? Wangoni, ambao babu yake alipigana nao mpaka wote wakaishiwa. Vita vya 1905 tunaviita vya kwanza vya taifa, na mimi nakubali kwa sehemu, ila aliyekuwepo hakuliona taifa, aliona jirani aliyemchomea ghala.

Cortés alipoingia Mexico mwaka 1519 hakuiangusha Tenochtitlan kwa Wahispania wake mia kadhaa, aliiangusha 1521 kwa maelfu ya Watlaxcala ambao Waazteki walikuwa wamewabana miaka mingi. Watlaxcala wameitwa wasaliti na vizazi vya baadaye, wakati kwa mtu wa siku ile msaliti angekuwa ni yule anayekwenda kumsaidia Mwazteki. Uhehe tulikuwa Waazteki mwaka 1894, Kiwanga na Merere ndo Tlaxcala. Halafu 1905 tukajikuta sisi wenyewe kwenye nafasi ya Tlaxcala. Ndani ya miaka 11! Hilo ndo linafanya kisa hiki kiwe kizito kukihukumu.

Ambacho siwezi kukitetea ni safari ya Mahenge. Kukaa kimya nakuelewa, kwenda na Nigmann kupigana na Wapogoro na Wambunga ni kitu kingine. Wapo waliokwenda kwa kutafuta ng'ombe na mateka kama zamani, wapo waliokwenda kwa sababu boma limeamuru na wanakumbuka vijiji vilivyochomwa. Vyovyote vile walikwenda, na Mahenge ilipona, na kilichofuata kusini ni serikali kuchoma mazao makusudi ili njaa imalize vita. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na magonjwa. Viongozi wa Wangoni wengi, Songea Mbano akiwemo, walinyongwa Songea mwaka 1906.

Na angalia dini ilivyotembea baada ya hapo. Wabenediktini walikuwa wameshafungua Tosamaganga, jirani kabisa na Kalenga, mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waluteri wa Berlin walikuwa Ubena na Ukinga tangu miaka hiyohiyo. Askofu wa Wabenediktini, Cassian Spiss, aliuawa njiani kuelekea Peramiho Agosti 1905. Ungetegemea misheni zife. Badala yake Ungoni na Ubena ndiko zilikoshika kwa kasi baada ya vita, watu waliopoteza watawala, waganga na chakula kwa mpigo mmoja wakaenda kwa wenye shule, dawa na mahindi. Misheni ilikalia kiti kilichobaki wazi. Huku Iringa mji wenyewe ulikua kuzunguka boma ukiwa na maaskari kutoka Sudan na Manyema, wafanyabiashara wa pwani, Kiswahili na Uislamu, wakati padri yuko Tosamaganga nje ya mji na Wakonsolata wa Italia wakaja kuchukua pale baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka leo ukitembea kutoka stendi ya zamani ukipita misikiti ya mjini kati halafu ukapanda daladala ya Kalenga na Tosamaganga unaziona hizo historia mbili zimekaa kilomita chache tu kutoka kila moja.

Utwa nao ulirudi, ila kwa mkono wa mwingine. Mwaka 1926 Waingereza, kwa sera yao ya kutawala kupitia machifu, walimsimika Sapi mtoto wa Mkwawa, na baada yake mwanawe Adam Sapi, ambaye ndiye aliyepokea fuvu la babu yake kutoka kwa gavana Twining pale Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na baadaye akawa Spika wa Bunge. Wale wa Ubena na Songea ambao familia zao zina masimulizi ya miaka ile, hasa ya Yakobi na ya njaa ya 1906, naomba muyaandike jamani, wazee wanaisha na upande wa Iringa tumezoea kuhadithia Lugalo tu.